Nilipakia TV kwenye guta nijue signal ya king'amuzi inapotelea wapi

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ifakara wiki hii, na kila namba nimeihesabu mara mbili. Chumvi nimeiacha jikoni.

Baba mkwe alikuwa anashuka kutoka Mahenge, na Jumamosi kulikuwa na dabi.

Mzee huyu tangu nimuoe binti yake ananiita "yule kijana". Jina langu analijua vizuri tu. Nikaona dabi ikionekana safi sebuleni kwangu, labda nitapandishwa cheo.

Nikaenda duka moja la Kibaoni kununua antena. Fundi akaiwasha, signal 84. Nikamwambia zima, washa tena. 84.

Nikapatana naye mpaka akanipa waya wa bure, kwa hasira.

Nafika nyumbani, nyumba za mwisho kabla ya mashamba ya mpunga: 29. Mtangazaji kaganda mdomo wazi kama anasubiri kulishwa.

Nikarudi dukani. 84. Nyumbani. 29.

"Fundi, umeniuzia antena inayokuheshimu wewe tu?"

"Bro, mnara uko huku kwetu. Ukienda mbali signal inachoka, na njiani kuna miti na mabati."

Mimi sikubali kitu ambacho sijakipima. Nikakodi guta, nikapakia TV ndogo na betri ya solar, antena nimeshika mkononi, king'amuzi mapajani. Kuanzia dukani, kila nguzo kumi za umeme tunasimama, nasoma.

84. 76. 63.

Nguzo ya arobaini nikageuka, nyuma kuna watu kumi na tisa. Nikahesabu tena: ishirini, kaongezeka mmoja. Walidhani ni sinema ya bure.

Mama mmoja akauliza, "Sasa mbona mnaonyesha namba tu?"

Mlangoni kwangu: 29. Kumbe fundi hakuniibia. Iliniuma, maana matusi nilishayaandaa.

Nikampigia simu, akanishauri niinue antena. Nikaunga mianzi miwili, nikaifunga juu, signal ikapanda mpaka 58. Picha safi.

Jana baba mkwe akaketi, shikamoo, marahaba, mpira ukaanza. Dakika ya kumi picha ikaganda.

Natoka nje, ng'ombe wa jirani yangu Msukuma anajikuna kwenye mwanzi. Antena imeupa mnara kisogo, imegeukia Mlimba.

Nikamfukuza, nikaanza kuurudisha mwanzi taratibu.

"Hapo hapo!" mzee akapaza sauti dirishani. "Usiachie!"

Nikiachia, unageuka. Baba mkwe humwambii njoo tupokezane. Nikaushika mpaka mpira unaisha. TV yangu, umeme wangu, na mabao yote matatu nimeyajua kwa kelele za mzee.

Alipotoka akanishika bega.

"Mkwe wangu," akasema, "kesho saa kumi kuna mechi nyingine."

Nilichojifunza: antena ipime kwako, ya dukani ni signal ya mwenye duka.

Wa Sanje mlio chini ya mlima, mnapata ngapi huko? Na kama kuna anayejua kufunga mwanzi usizunguke, aseme sasa hivi. Saa nane hii.