Tangi Chini ya Kitanda cha Tajiri

Kiwandani walimwita Pua. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelitumia. Hata kwenye kabati lake la nguo za kazi mtu alikuwa amechora pua kubwa kwa rangi nyekundu, naye akaiacha. Alikuwa fundi bomba katika kiwanda cha boti za kifahari, zile ambazo mtu huagiza kwa vipimo vyake mwenyewe, kuanzia ukubwa wa kitanda mpaka vishikizo vya droo. Pua aliweza kuingia kwenye boti mpya, akasimama kidogo, akasema dizeli inavuja upande wa kushoto, na watu wakainama wakaikuta.

Baba yake alikuwa mtapisha vyoo. Miaka yake yote ya nguvu aliimaliza ndani ya mashimo ya watu, na ndoo na kamba. Watoto wa mtaa waliziba pua binti yake alipopita, na shuleni alikaa dawati la peke yake ingawa alijisugua kila asubuhi mpaka ngozi ikamwasha. Ndiyo maana alipohitimu ufundi alikataa kazi za majumbani akaenda kwenye boti. Alimwambia baba yake kwamba huko mabomba ni mapya, hayajapitisha kitu cha mtu.

"Yatapitisha tu," baba yake alimjibu, akacheka mpaka akakohoa.

Boti iliyomchafua roho ilikuwa ya tajiri mmoja aliyetaka chumba chake kiwe kikubwa kuliko kilivyochorwa mwanzoni. Ukuta ukasogezwa, kitanda kikasogezwa, na tangi la maji ya choo, ambalo lilikuwa na nafasi yake nzuri kule nyuma, likabanwa chini ya sakafu ya chumba hicho hicho. Pua alikuwa akifanya kazi kwenye boti nyingine wiki ambayo tangi liliwekwa. Aliporudi alikuta sakafu imeshafungwa na kupigwa vanishi, na kitanda kimesimama juu yake.

Kabla ya kukabidhi boti huwa kuna majaribio. Injini huwashwa, taa zote huwashwa, matangi hujazwa maji safi na kuachwa ili ionekane kama kuna panapovuja. Pua alikuwa na mpira wa maji mkononi, tangi likiwa limefika nusu, meneja alipomwambia inatosha.

"Bado, bosi. Halijajaa."

"Nusu inatosha. Wageni wako gatini, unataka wakukute na ndoo?"

Meneja alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno laini, wa kuweza kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu akashukuru. Pua alifunga maji. Tajiri akapanda na mkewe na mtoto wao mdogo, hotuba zikatolewa, watu wakapiga makofi.

Haikuchukua muda mrefu mke wa tajiri akapiga simu. Chumba chao kilikuwa kinanuka. Mwanzo alidhani ni viatu, kisha akadhani ni panya aliyekufa, kisha hakudhani tena, akajua ni nini. Boti ilikuwa bado ndani ya kipindi cha waranti, kwa hiyo kiwanda kililazimika kwenda. Meneja alimchukua Pua, na njiani akasimama dukani akanunua manukato ya kupuliza, makopo kadhaa, ya harufu ya waridi.

"Hayo ya nini?" Pua aliuliza.

"Ya kazi," meneja akasema.

Harufu iliwapokea mlangoni. Si harufu ya choo kilichotumika, hiyo Pua aliizoea tangu utotoni. Hii ilikuwa nzito, ya kitu kilicholala mahali kikaiva. Ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye zulia jeupe. Meneja alipuliza kona zote, na waridi likachanganyika na kinyesi kikatokea kitu cha tatu, kitamu na kiovu, kilichomkaa Pua nyuma ya koo kama mafuta yaliyoganda. Akajikaza kisabuni.

"Mtoto anatapika kila akilala humu," mke wa tajiri alisema. Alikuwa amejifunga kitambaa puani. "Kwani hamwezi kuangalia chini?"

"Mama, choo cha boti si kama cha nyumbani," meneja akamjibu, macho makavu kabisa. "Mara nyingi ni matumizi. Labda mnatupa vitu ambavyo havitakiwi."

Mwanamke yule aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa. Pua alimtazama meneja usoni akitafuta hata chembe ya haya, hakuiona. Hapo ndipo kichefuchefu kilipompanda kweli.

Waliporudi alimtafuta seremala aliyefunga ile sakafu. Alimkuta nyuma ya karakana, anakula.

"Kaka, chini ya kile kitanda mliacha nini?"

Seremala alitafuna taratibu. "Nafasi ilikuwa ndogo, dada. Tangi halikuingia. Likapigwa nyundo mpaka likaingia."

"Likapasuka?"

"Pembeni, upande wa juu. Meneja akasema tupake silikoni tufunge, kwamba maji hayatafika huko."

"Nawe ukafunga."

"Niliambiwa nifunge, nikafunga." Alichota tena chakula. "Unadhani ningefanya nini?"

Pua alimwangalia anavyotafuna, mafuta yakimng'aa kwenye kidevu, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alirudi gatini peke yake na msumeno. Tajiri hakuwepo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye sitaha juani na mtoto mapajani, hataki kuingia ndani.

"Mama, hakuna anayetupa kitu chooni," Pua alimwambia. "Tangi limepasuka na wanajua. Ila kulifikia ni lazima nikate sakafu yako, na nikishakata haitakuwa tena kama ilivyokuwa."

Mwanamke hakuuliza maswali. "Kata," alisema.

Walisukuma godoro wakaliegemeza ukutani. Pua alikata ile mbao ya gharama kuanzia kichwani pa kitanda mpaka miguuni, na alipoinua kipande cha kwanza mke wa tajiri alikimbilia nje. Chini, kwenye ngama, yaani tumbo la chini kabisa la boti, palipotakiwa kuwa pakavu kama sahani, kulikuwa na uji mweusi unaotetemeka kila wimbi dogo likigusa boti. Juu yake vilielea vitu ambavyo havikutoka kwenye tangi. Kulikuwa na vitambaa vya kupakia rangi, vipisi vya sigara, mfuko wa mabaki ya chakula uliovimba kama tumbo la mnyama aliyekufa, na chupa ya plastiki iliyojaa mkojo, imefungwa kifuniko vizuri. Wenzake walikuwa wamejisaidia kwenye chupa, wakaiacha humo, wakaifunikia mbao ya gharama, wakapiga vanishi.

Tangi lenyewe lilikuwa limebonyea, na kwenye mpasuko silikoni ilining'inia kama kamasi. Likijaa, lilitema.

Hakukuwa na njia nyingine. Alivaa glavu na buti ndefu, akashuka. Uji ulimfika mapajani, na alipoinama kuchota ulimgusa kifua. Alichota kwa ndoo, akamimina kwenye mapipa aliyokuja nayo, akatoka nje kutapika, akarudi. Alikuwa amekimbia kitu hiki maisha yake yote, na sasa alikuwa amesimama ndani yake chumbani kwa mtu, chini ya taa za rangi ya dhahabu.

Hivyo ndivyo tajiri na meneja walivyomkuta walipofika. Meneja aliona sakafu iliyokatwa, akafungua mdomo kugomba. Kisha akaona uso wa tajiri, akabadilisha sauti pale pale.

"Unaona, mheshimiwa? Hii ndiyo waranti yetu. Sisi tunalifuata tatizo mpaka mwisho."

Pua alisimama na ndoo mkononi. Alingoja mke wa tajiri aseme kitu, maana alikuwa nyuma yao na alijua nani amekata na kwa nini. Mwanamke alibana midomo. Tajiri akampa meneja mkono akamshukuru kwa kujali. Kisha akamtazama Pua, haraka, kama mtu anavyotazama kidonda cha mwenzake, akamwambia meneja, "Huyo asipite kwenye zulia."

Wakamtandikia maboksi mpaka mlango wa nyuma. Gatini walimwosha kwa mpira wa kuoshea boti, watu wanapita, meneja akiwa ameushika mpira huo kwa vidole viwili.

Nyumbani baba yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulivaa glavu?"

"Nilivaa."

"Basi. Mimi mtu aliponiita nitapishe, alijua shimo limejaa. Hakunipulizia manukato."

Pua hakucheka. Chakula kilikuwa mezani, naye hakuweza kukigusa. Kila alipofumba macho aliiona ile chupa.

Tangi jipya lilifungwa kule nyuma lilikostahili kuwa tangu mwanzo, na chumba cha tajiri kikarudi kwenye ukubwa wake wa kwanza. Barua ya shukrani ilikuja kwa jina la meneja, naye akaibandika ukutani ofisini. Kisha akamwita Pua, akamwambia kwa ile sauti yake laini kwamba tajiri ameomba fundi mwingine kwa matengenezo yajayo.

"Si kwamba umekosea. Ila wanasema wakikuona wanakumbuka. Waelewe tu."

"Naelewa," Pua akasema. "Hata mimi nikikuona nakumbuka."

Meneja alitabasamu akidhani ni utani. Alipoona uso wake, tabasamu likamkwama.

Siku hiyo hiyo Pua aliomba kuhamishiwa kwenye injini, kwa msimamizi mwingine, na akakubaliwa kwa sababu hakuna aliyetaka ugomvi. Anaanza upya, anafundishwa na watu aliowatangulia kazini, mikono yake inanuka dizeli na anasema hilo halimsumbui. Mlo wa mchana anaula peke yake nje, kwa hiari yake. Hawezi kukaa meza moja na wale walioacha chupa, na hajui ni nani kati yao. Seremala alimsalimia mara kadhaa. Siku hizi hamsalimii tena.

Boti bado iko gatini, inang'aa, na meneja huwapeleka wateja wapya kuitazama. Pua anaipita kila jioni akirudi nyumbani. Huwa anageuka upande wa bahari, anatema mate, anaendelea na safari yake.