Magodoro mawili ndani, memory foam na latex, na mama analala chini

Wakuu, salaam.

Naona humu watu wanabishana latex na memory foam lipi bora. Mie jibu nnalo, ila nimelipata kwa kuvurugwa akili ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nawaeleza ilivyokuwa, chumvi sitii.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nikikaa na mama Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza. Mama kiuno kikimsumbua, na godoro lake la sufi lilikuwa limeshakuwa mabonge matupu.

Dada yangu Zuleikha, mkubwa wangu, anaishi Dubai. Kusikia hivyo akatuma memory foam. Likaja limeviringishwa kwenye nailoni, tukalifungua likafura lenyewe. Ukilibonyeza, alama ya mkono inabaki, kisha inarudi taratibu. Majirani walikuja kulibonyeza, wallahi. Mama akamwombea dada dua hapo hapo kwenye simu.

Wiki haikwisha, kasheshe.

Alfajiri nasikia naitwa. "Naam, mama!" Namkuta katikati ya godoro kadidimia. Kila akitaka kujiinua, kiwiko kinazama. Sala inampita. Nikamvuta, akatoka machozi yanamlenga kwa maumivu, gauni limeroa jasho mgongo mzima.

Hapa nisimame kidogo. Memory foam inalainika kwa joto. Kwenye AC za Dubai inakushika vizuri. Kwetu, joto la kaskazi, umeme wa kubahatisha, feni imesimama, inakuwa kama uji. Na joto lako lote inakurudishia mwenyewe.

Nikampigia dada. "Godoro halimfai mama."

"Halimfai vipi? Jana tu kaniambia analala raha mustarehe. Weye tangu zamani hupendi nikimletea mama kitu!"

Akakata simu. Nikamwendea mama.

"Mama, umemwambia dada unalala raha?"

"Nimwambieje mwanangu? Mtoto kajinyima huko ugenini, nimvunje moyo?"

"Sasa mimi naonekana mzushi!"

"Nyamaza tu, yatakwisha."

Wakuu, nilitaka kupasuka. Huku nasongwa na malalamiko ya kiuno kutwa, kule godoro linasifiwa. Hasidi ni mimi.

Nikasema potelea mbali, nanunua mwenyewe latex, lile godoro la mpira. Duka la kwanza Darajani muuzaji akaniapia ni latex tupu. Nikafungua zipu ya pembeni: juu latex nyembamba kama chapati, chini kote sponji ya kawaida. Namuuliza, ananijibu, "Si umesema latex? Si imo?" Nikaondoka bila kuaga.

La kweli nililipata duka jingine. Bei yake chungu, na uzito wake usiseme. Latex haikunjiki kirahisi, unaikamata huku inateleza kule. Ngazi zetu mnazijua, nyembamba na zina kona. Mahamali wakakwama nalo nusu ya ngazi, wakashuka wakitukana, mwisho likapandishwa kwa kamba kupitia roshani. Mtaa mzima unatoa ushauri.

Limefika ndani, mama anagoma.

"Zuleikha akija akaliona hili, atajua lake nimelikataa."

"Si ndiyo ukweli?"

"Basi, mie ntalala kwenye mkeka."

Na kweli akalala kwenye mkeka! Memory foam kitandani, limetandikwa shuka jeupe kama la maonyesho. Latex limeegemezwa ukutani. Mwenye kiuno yupo sakafuni. Nikisema, nahesabiwa mkorofi.

Dada akaja likizo, kabla ya siku aliyotuambia. Aliingia adhuhuri, mama kajinyoosha chini anapumzika.

"Mama, nini hiki? Magodoro mawili, umelala chini?"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Lako linanimeza, Zule. La ndugu yako naogopa usije ukaona vibaya."

Dada alikaa pale pale sakafuni na buibui lake, kamshika mama miguu, akalia. Kisha akaniangalia. "Kumbe ulikuwa unasema kweli." Mie hata hasira ziliniishia.

Tukasaidiana sote wawili kulitandika latex. Mama akalijaribu kwa kukaa ukingoni, akalala, akageuka, akainuka bila kushikwa mkono. Akacheka peke yake.

Ile memory foam tulimpa binamu yetu anayekaa Tunguu. Kijana, nyumba ina upepo, analisifu mpaka leo. Kwa hiyo si kitu kibaya, lilikuwa halijampata mtu wake.

Latex nalo lina kero zake. Lilinuka mpira wiki za mwanzo, na siku ya kuhama mtalia. Ila linakusukuma juu, halikai na joto, na miaka yote ile halikufanya shimo. Kwa mzee wa kiuno kwenye hali ya hewa yetu, toeni hela kwenye latex, na fungueni zipu kabla ya kulipa.

Funzo langu kubwa lakini si la godoro. Wazee wetu hawasemi kero kwenye simu kwa mtoto aliye mbali. Mlio nje, msiamini "nipo salama". Muulizeni na anayeishi naye, na akisema, msimwite hasidi.

Haya wakuu, wenu wanalalia nini? Na mna hakika gani kuwa wanawaambia ukweli?