Kisu cha Bakari Hakikugusa Nguruwe

Kosa ni langu. Si la kamera, si la kinyozi, wala si la watu wa harusi. Ni langu mimi, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Nimeondoka Tanga asubuhi bila kujua nakwenda wapi. Nilitoka mtaa wa Nguvumali jua halijapanda, nina shuka, kamera yangu ya sanduku, na kisu kimoja nimekifunga kitambaani. Nilipofika njia panda nikasimama kama mpumbavu. Niende huku au huku? Lori likatokea linakwenda Pangani kuchukua nazi, utingo akanipigia kelele, "We, unapanda hupandi?"

Nikapanda. Maisha yangu yote nimesafiri hivyohivyo. Lakini safari za nyuma nilikuwa nakwenda kutazama. Hii nilikuwa nakimbia.

Kisu nilichokibeba si changu. Ni cha Bakari. Jina langu nalificha kwa aibu. Lake silifichi, kwa sababu lake ndilo nililolichafua.

Shule niliacha darasa la nne. Mwalimu akitaja mto, mimi nataka nikauone. Nimekata mkonge Pongwe, nimekuwa utingo wa malori, nimebeba mizigo bandarini. Huko bandarini ndiko nilikokutana na Bakari, kuli mwenzangu. Siku moja baharia alimpa kisu kidogo chenye mpini wa mti mweupe, akamwambia kwao maji huganda mtu akatembea juu yake.

"Hebu tazama, yakhe," Bakari akaniambia. "Hiki kimekatia samaki chini ya barafu."

Nikakishika. Basi! Ugonjwa ukatuingia wote wawili siku hiyohiyo.

Tukawa tunatafuta visu kama watu wengine wanavyotafuta mabibi. Tulipata jambia la Yemeni lenye mpini wa pembe. Tulipata cha Java, makali yake yanakwenda kama nyoka. Tulipata sime ya Kimasai. Mimi nilimpata askari mmoja aliyepigana Burma, nikamfuata siku nyingi, nikamchotea maji, nikamsikiliza vita yote tangu mwanzo, mpaka akanipa kisu kilichopinda cha Wagurka, wale askari wa Nepal. Kile nilikipata mimi! Kwa miguu yangu!

Lakini visu vyote vilikaa kwa Bakari, ndani ya sanduku la mama yake, kwa sababu mimi sikuwa na pa kukaa. Leo nalala kwa huyu, kesho barazani kwa yule. Bakari akavipaka mafuta, akavifunga vitambaa, na wageni wakija mama yake anawafungulia. "Njooni mtazame visu vya mwanangu."

Vya mwanangu! Nami nimeketi palepale, namenya muhogo.

Kamera nilipewa na Mzungu mmoja kijana, msaidizi wa meneja katika shamba la mkonge, alipojinunulia nyingine mpya. Nikaanza kuvipiga picha visu vyetu. Nilijifunza mwenyewe kungoja mwanga, kutafuta upande ambao chuma kinang'aa bila kumeza picha. Fundi wa duka la picha mjini alizipenda, akaziweka dirishani. Nikafurahi kama mtoto. Nikaenda kusimama nje ya dirisha nisikie watu watasemaje.

"Visu vya Bakari hivyo!" mmoja akasema.

"Kijana yule amekusanya dunia nzima."

Nikashindwa kuvumilia. "Picha nimepiga mimi," nikasema.

Mama mmoja mwenye buibui akageuka. "Eh. Na visu?"

"Vingine nimevitafuta mimi."

"Na vinakaa kwa nani?"

"Kwa Bakari."

"Basi vya Bakari," akasema, wenzake wakacheka, wakaenda zao.

Ndugu zangu, roho iliniuma! Niliondoka pale mdomo mchungu. Tangu siku ile kila jema la Bakari nililiona limekatwa kwenye nyama yangu. Akisalimiwa yeye kwanza, naumia. Mama yake akimwekea yeye kichwa cha samaki, naumia. Hata akinigawia, naumia zaidi!

Na alikuwa na jambo moja ambalo mimi sitalipata nikizunguka dunia yote. Watu walimwamini. Bakari hakuwa na bucha, alikuwa mchinjaji wa shughuli. Harusi, akika, Idi, wanamwita yeye, kama walivyomwita baba yake. Mkono wake ni mwepesi, mnyama hateseki. Kisu alichochinjia ni cha marehemu baba yake, bapa refu, mpini umelika kwa vidole vya watu wawili. Hicho hakikukaa sandukuni na vingine. Kilikuwa juu, darini, peke yake. Ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na ndicho pekee ambacho sikuwa nimekipiga picha.

Mzungu wangu akataka kuviona visu, akaniahidi filamu. Bakari akanipa sanduku.

"Na cha baba yako," nikasema.

"Hicho acha."

"Bila hicho hivi vingine havina maana, Bakari."

Akafikiri. Akakiteremsha. "Kisiguse kitu. Umenisikia? Kitu chochote."

"Nitakilaza kwenye shuka langu ninalosalia."

Na kweli, wallahi, nilifanya hivyo! Kule shambani niliweka meza uani, nikatandika shuka, nikapanga visu. Kile cha marehemu nikakisimamisha, nikakiegemeza kwenye ala yake. Mbali nyuma, chini ya mti, alining'inia nguruwe mwitu ambaye Mzungu alikuwa amempiga risasi alfajiri. Kati yake na meza yangu gari lingeweza kupita. Nilimwona. Nikapiga goti, nikatafuta mwanga, nikapiga.

Sasa, kamera ya sanduku haijui mbali wala karibu. Vyote inavibandika pamoja. Picha ilipotoka kwa fundi nikaona ncha ya kisu cha Bakari imeingia ubavuni mwa nguruwe. Ungeapa kinamchuna!

Mpaka hapo nilikuwa sijakosa. Ningeichana palepale, yangeisha. Nikaitia mfukoni.

Nikakaa nayo. Nikawa naitoa, naitazama, nairudisha. Kisha nikaenda kunyoa kwa kinyozi mmoja ambaye habari ikiingia masikioni mwake jioni iko Pongwe. Nilikuwa na vinyozi wengine karibu. Nilimchagua yeye.

"Picha zako za visu hizo? Lete," akasema. Akazipitia. Akasimama kwenye ile. "Nini hiki nyuma?"

"Nguruwe mwitu."

"Na kisu?"

"Si unakijua."

Wembe ukabaki hewani. "Hiki anachotuchinjia?"

Mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Mimi mpiga picha tu, kaka."

"Niachie kidogo, nimwonyeshe mtu."

Nikamwachia! Nikatoka na kichwa chepesi, kimenyolewa vizuri.

Harusi ilikuwa siku chache baadaye. Ng'ombe amefungwa, masufuria yamepangwa, akina mama wanakuna nazi. Bakari akaja na kisu chake kitambaani, mimi nyuma yake na kamera. Baba wa bibi harusi akamwahi njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bakari mwanangu, leo pumzika. Yuko mwingine atachinja."

Bakari akacheka. "Mmeniletea mke mwenza, baba?"

Hakucheka mtu. Hata mbuzi za nazi zilinyamaza. Ndugu wa bibi harusi akatoa picha mfukoni. "Kamchinje huyu! Huyu ndiye unayemweza!"

Bakari akaitazama sana. Nilingoja akasirike. Hakukasirika, alipumua kama mtu aliyetua mzigo, akanigeukia mimi.

"Aliyepiga si huyu hapa? Waambie, ndugu yangu. Kilimgusa?"

Watu wote wakanitazama. Wote! Siku nyingi nilitamani watu wanitazame mimi badala ya Bakari, na sasa wananitazama.

Nikasema, "Mimi nilikuwa naangalia ndani ya kamera. Huko nyuma sikuona."

Sikuona! Mimi, ninayeona kutu kama punje ya mtama kwenye jambia! Nilimwona nguruwe, niliona na nzi wake.

Maalimu alikuwa mtu mpole, akatafuta njia. "Kisu hutoharika. Kioshwe mara saba, moja kwa udongo, jambo limekwisha." Watu wakapumua. Beseni likaletwa, na udongo kwenye kifuu. Mimi moyoni naomba: osha, Bakari, osha tu yaishe! Maana angeosha ningesalimika.

Bakari akalitazama beseni. "Maalimu, kingekuwa najisi ningekiosha hata mara mia. Lakini nikikiosha leo nimekiri kwamba watu hawa nimewalisha haramu. Na baba yangu je? Sikioshi."

"Mkaidi!" wakasema. "Ana lake huyo!"

Akakifunga kitambaa, akaondoka. Akina mama aliokuwa akiwachekesha wakavuta kanga zao apite asiwaguse.

Hakuitwa tena. Idi ilipofika nilimkuta amekaa mlangoni kwao, kanzu safi, anatazama watu wanavyopitisha mbuzi kwenda kwa mwingine. Mama yake alifunga lile sanduku, hafungulii mtu. Dirishani kwa fundi zile picha za visu zikatolewa. Kwa hiyo hata sifa yangu ile ndogo niliyokuwa naililia, niliiua kwa mkono wangu mwenyewe.

Jana Bakari akaniita. Akanionyesha sanduku. "Vichukue. Vyote. Najua ulikuwa unavitaka."

Alijua! Kumbe alijua siku zote! Na siku zote akanigawia kichwa cha samaki.

"Sina pa kuviweka," nikasema.

"Basi chukua hiki." Akanitia mikononi kisu cha marehemu baba yake.

"Bakari, hiki cha mzee!"

"Nikifanyie nini? Nikatie vitunguu? Wewe peke yako ndiye unayejua kama ni safi. Kaa nacho."

Hakunitukana. Afadhali angenipiga! Aliingia ndani, na mama yake akafunga mlango. Asubuhi yake ndiyo nikasimama njia panda.

Nimefika Pangani adhuhuri. Nikauliza chumba, nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane karibu na kivuko.

"Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Msafiri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Msafiri gani anatembea na redio?"

"Si redio, mama. Kamera."

"Basi usinipige, sijavaa." Akacheka, akanionyesha chumba. Kitanda cha kamba, mtungi, dirisha la kuonea mto. Nikaweka shuka langu. Nilidhani nimefika mahali ambapo hakuna anayejua lolote.

Akaniita uani. Ameshika jogoo. "Umekuja na bahati, mwanangu. Huyu nilikuwa natafuta mwanamume wa kumchinja, kijana wangu yuko shamba. Kisu changu butu. Wewe unacho?"

Nilitaka kusema sina. Kisha nikaenda nikakileta, nikafungua kitambaa.

"Mashaallah!" akasema. "Kisu hiki! Lakini ni safi? Nyie wasafiri mnakatia kila kitu."

"Ni safi, mama," nikasema. "Hakijagusa haramu tangu kilipofuliwa. Wallahi hakijagusa! Nilikuwepo! Niliona kwa macho yangu!"

Akanishangaa. Jogoo mwenyewe alinishangaa. "Haya, haya. Mbona unaapa hivyo? Ningeridhika na neno moja tu."

Neno moja tu! Nikakaa chini palepale uani. Nilikuwa nalo lile neno siku ya harusi, liko mdomoni, mbele ya ng'ombe na maalimu na watu wote. Nikalimeza. Leo limenitoka lenyewe kwa mama nisiyemjua, kwa ajili ya jogoo.

Sikuweza kuchinja. Nilimwambia sina mkono wa kuchinja, akamwita jirani. Jirani alipokishika alikipima mkononi, akasema, "Kisu hiki kina mwenyewe." Mimi nilishika miguu ya jogoo. Wali umepikwa, umeletwa, umepoa hapa pembeni yangu naandika.

Mliokuwepo harusini, someni, na asiyejua kusoma asomewe. Kisu cha Bakari hakikugusa nguruwe. Hamkulishwa haramu siku hata moja. Picha ni yangu, uongo ni wangu. Mwiteni Bakari awachinjie. Kisu nitamrudishia mwenyewe, lakini kwanza nyinyi mjue, nikifika Nguvumali nisipate nafasi ya kubadili maneno.

Na wewe unayesoma, mwenye rafiki anayesifiwa na wewe husifiwi, jiangalie! Mwambie usoni kwamba roho inakuuma. Gombaneni, tukananeni, akufukuze kwao kama ni kukufukuza. Lakini siku watu watakapokuuliza ulichokiona, kiseme palepale. Mimi nilinyamaza nikidhani nampunguzia Bakari kidogo tu, tulingane. Sasa nina kisu chake, na yeye hana pa kuchinjia.