Nilimfuata mke wangu mpaka Gatete nikidhani iko na bwana, kumbe anapanda uzee wake

Amahoro wakuu.

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la tano, nikabeba mabidoni ya mawese kichwani hapa Rumonge, leo niko na presi yangu mwenyewe ya kukamua mafuta. Ninayosema ni kweli tupu, majirani wanajua.

Mke wangu, Mama Divine, anauza ndagala, vile visamaki vya ziwa, sokoni. Msimu huu nikaona kila Jumatano soko anaacha, anakwenda Gatete, kule mashambani. Anarudi miguu imejaa udongo, lakini anaimba.

Mwanamke wa umri ule, anaimba!

Nikiuliza, anajibu, "Mambo ya wanawake."

Bon. Nikajua iko mwanaume. 

Jumatano nyingine nikamfuata na moto, pikipiki yangu. Gatete nikasikia kicheko chake nyuma ya migomba. Nikakata katikati ya majani, moto na yote, nikatokea kama polisi.

Bwana hakuna. Iko wanawake wa sokoni, kila mutu na jembe.

Mkubwa wao, Mama Zaituni, akapiga kelele: "Weye! Unakanyaga watoto wetu!"

Kugeuka, yale majani yalikuwa miche ya michikichi, imepangwa mistari. Mimi, mutu wa mawese! Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Bosi wa mafuta hajui muchikichi ukingali mutoto!"

Mama Divine peke yake hakucheka.

"Baba Divine, mudogo wako alipokufa, mke wake alitoka kwenu na nini?"

 Alitoka na watoto na sufuria. Shamba walibaki nalo ndugu zangu.

"Hapa tumenunua sisi, karatasi iko na majina yetu. Siku miguu itakataa soko, hii itanilisha. Sisi wa ndagala, nani atatupa pensheni?"

"Na mimi nikizeeka?"

"Utakuja na chupa yako, nitakupimia mawese."

Wakuu, nilicheka nikashika moto nisianguke. Nilikuja kutafuta bwana, nikakuta uzee wa mke wangu uko na mahali pa kuegemea. 

Lakini hawakuniacha hivihivi. Walikaa kama baraza palepale, wakanipiga amande, yaani faini: nilipe miche niliyoua, niongeze soda zao, na bia ya majirani walioona aibu yangu.

Somo ni hili: usingoje mkeo ajifiche ndiyo apange uzee wake. Ukifa, ndugu zako hawatauliza nani alilima. Mimi kiwanja cha presi nimeshaandikisha majina mawili, langu na la Mama Divine. Ndugu zangu wamenuna, wanune.

Nyinyi wenye wake wa biashara, kwenu mumepanga aje? Semeni, hata matusi nitasoma.

Na amande nimemaliza kulipa Jumapili, miche, soda na bia: faranga 263.500.