Karatasi Isiyo na Barua ya Chifu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio. Nakusimulia kwa sababu naona unavyoisoma simu yako na kuiamini.

Nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi katika shule ya kutwa huko Kola, miaka ambayo intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imefika Machakos mjini. Jumamosi moja niliingia saiba, kile chumba cha kompyuta za kulipia, nikakuta maandishi yaliyosema kwamba umeme wa betri ya gari huua sumu ya nyoka mwilini. Yalikuwa na mchoro na maneno mazito ya kitaalamu. Kuchapisha kulikuwa ghali, basi nikachapisha ukurasa wa kwanza tu. Jumatatu niliwasomea Kidato cha Pili. Hakuna aliyeuliza swali, wala mimi sikuwa nimejiuliza. Yametoka kwenye kompyuta, hilo lilitutosha.

Alhamisi, saa za chakula cha mchana, Mama Nduku, jirani wa shule, alisimama langoni akipiga kelele.

"Mwalimu! Kuja uone kazi yako! Mzee Kilonzo ameumwa na nyoka, bafe, na mjukuu wake anakataa tutafute gari. Ati mwalimu alisema betri inatosha!"

Mjukuu huyo alikuwa Mwikali, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, aliyekuwa amekwenda nyumbani kula. Nilikimbia nikiruka matuta ya mashamba. Nilimkuta mzee kwenye mkeka, mguu umevimba hadi ngozi inang'aa. Mwikali alikuwa amepiga magoti kando ya betri ya gari waliyowashia televisheni yao, ameshika nyaya mbili.

"Mwalimu, nimegusisha mara nne. Mguu unazidi tu kuvimba. Nimekosea wapi?"

Alinitazama akingoja jibu, kama darasani. Sijawahi kuogopa macho ya mtoto namna ile.

"Hujakosea," nikasema. "Nimekosea mimi. Tafuteni gari!"

Nusu saa nzima ilikuwa imeshapotea. Tulipata pikapu iliyobeba nyanya, tukamlaza mzee nyuma kati ya makreti, nikakaa kando yake, tukaelekea hospitali. Maisha yake yote alikuwa akinunua na kuuza mbuzi sokoni Mitaboni, na hata katika maumivu yale hakuacha kuhoji.

"Hiyo karatasi yako, Mwalimu, nani aliandika?"

"Sijui, mzee."

"Ni mtu wa wapi?"

"Sijui."

Alijaribu kucheka, akauma meno. "Mimi nikiletewa mbuzi hana barua ya chifu ya kuonyesha ni wa nani, sinunui, hata akiwa mnono namna gani. Nauliza ametoka boma gani, na nani anamjua huyu muuzaji. Wewe na masomo yako yote, umeninunulia mbuzi wa wizi."

Kisha akafumba macho. Kila pikapu iliporuka shimo niliinama kusikiliza kama bado anapumua.

Alipona, lakini mguu haukunyooka tena. Daktari alisema hawezi kujua kama nusu saa ile ingeuokoa. Mimi nami sitajua kamwe.

Jumamosi iliyofuata nilirudi saiba nikayasoma maandishi yale hadi ukurasa wa mwisho. Chini kabisa walikuwa wakiuza mashine ya umeme ya kutibu walioumwa na nyoka. Jina la mwandishi halikuwepo.

Niliwaeleza wanafunzi yote. Mwikali aliinamisha kichwa muda wote. Lakini wiki mbili baadaye, nikiwa nasoma karatasi nyingine, aliinua mkono: "Barua ya chifu iko wapi, Mwalimu?" Darasa lilicheka. Mimi niliiweka karatasi chini, nikaanza kumjibu.

Basi mwanangu, habari ikikufikia, uliza nani ameiandika, amejuaje, na anauza nini. Isome hadi mwisho. Tafuta mwingine mwenye ujuzi, asiye na faida yoyote hapo, uone kama anasema hivyo hivyo. Ikiwa inagusa uhai wa mtu, usijaribu chochote. Mfikishe hospitali kwanza. Na usipojua, sema hujui, kabla mtu anayekuamini hajapiga magoti na nyaya mkononi.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza. Wale watakaokuamini wewe, awafikishe nyumbani salama.