Mikanda Iliyotundikwa Mpungani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ndege walikula mpunga wangu mchana kweupe, nami nimekaa palepale nawatazama. Usicheke. Mimi mtu wa Litembo, mtu wa milimani, shamba kwangu si jambo la mchezo. Hata kuku wa jirani akiparua tuta langu la maharage, mwenye kuku atanisikia. Kwa hiyo ukiona niliwaacha ndege wale, ujue palitokea jambo.

Mwaka ule studio ya kusafisha picha pale Mbinga mjini ilifungwa. Wewe umezaliwa umezikuta simu, hujui. Zamani ukishapigwa picha, mkanda unapelekwa kutiwa dawa, nawe unangoja, mwezi hata miezi, kujiona. Zilipokuja kamera mpya, mikanda ikakosa wenyewe. Mwenye studio akauza mashine kwa watu wa vyuma chakavu, vilivyobaki akavigawa. Kufa kufaana. Pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, ambalo nusu ya Mbinga ilipigiwa picha mbele yake, alilichukua kinyozi. Vikopo vya mikanda walivichukua wazee wakatilia ugoro. Kile chumba cha giza cha kusafishia picha, ambacho hata mwenyewe alibisha hodi kabla ya kuingia, mama mmoja alioteshea uyoga, na mpaka leo anauza. Mimi nikapata gunia la mikanda iliyokwisha kusafishwa, ambayo wenyewe hawakurudi kuifuata.

Nilijua vizuri nitaifanyia nini. Nilikuwa nimeolewa huku Liuli, mpunga unakaribia kuiva, na ndege hawana aibu. Nikashuka na gunia langu mpaka ziwani, nikafunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, nikatundika mikanda shamba zima. Ebo! Upepo ukipita inameta na kuchakarika, hakuna ndege anayetua. Majirani wakaja kuniuliza nimeitoa wapi. Nikavimba kichwa, nisikufiche.

Sasa nikwambie habari za mama mkwe wangu, Bibi Agnes. Alikuwa na kitinda mimba wake, Yohana, mvuvi. Ziwa lilimchukua siku ya mwera, ule upepo wa kusini unaochafua maji. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Hatukuwa na kaburi la kufyeka majani. Na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepanda Mbinga kuuza dagaa, akapigwa picha pale studio, akamwambia mama yake, “Nikipanda tena nitakuletea.” Hakupanda tena. Mume wangu alikwenda kuziulizia, akaambiwa bila kikaratasi cha kuchukulia picha hawataweza kuzipata katika marundo yale. Kikaratasi alikuwa nacho Yohana mfukoni.

Mama akaniambia siku moja tukitwanga, “Sauti yake bado ninayo. Uso ndio unaniponyoka. Kila nikiamka umepungua.” Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilisema pole, Mama, nikaendelea kutwanga.

Basi asubuhi hiyo akaniletea uji shambani. Jua ndiyo kwanza linatokeza juu ya milima. Akasimama chini ya kamba, mkanda mmoja ukiwa kati yake na jua, akaushika kwa vidole viwili. Akausogeza karibu na macho.

“Mwanangu,” akasema, “hawa ni watu.”

“Ni mikanda tu, Mama, ya ile studio.”

“Ni watu, nakwambia. Watu hawatundikwi shambani kutishia ndege. Washushe.”

“Mama jamani! Mpunga utaisha!”

“Uishe.”

Hakupandisha sauti. Nikaona afadhali apandishe. Nikaweka bakuli chini, nikaanza kufungua kamba huku nanung’unika moyoni, mpaka nami nilipouinua mkanda wa kwanza kwenye jua. Mwanangu! Alikuwa bibi harusi, shela lake jeusi tii. Mkanda wa pili, watoto wa kipaimara, meno meusi, macho yanang’aa. Mwingine, mzee na baiskeli yake mpya. Kila uso umepauka na kila kichwa kimejaa mvi, hata cha mtoto wa mgongoni, maana ndivyo mkanda ulivyo: cheusi hukionyesha cheupe, na cheupe cheusi. Watu wote wale walikuwa wamesimama mpungani mwangu siku zote hizo, nami napita chini yao na jembe. Nilitaka kuwaamkia. Kweli kabisa, mdomo ulianza kusema shikamoo.

Ndege wakashuka. Tulikuwa tumekaa tutani, mimi nampa mkanda, yeye anauinua, anautazama uso mpaka auache mwenyewe. Hakumruka mtu. Uji ukapoa.

Jua lilikuwa limefika utosini aliposema, taratibu kabisa, “Yohana.”

Nikasogea. Alikuwa mbele ya lile pazia la maporomoko, mkono kiunoni, sikio lake la kushoto limekunjika ncha vilevile kama lilivyokuwa. Na kichwa chake cheupe pe. Machozi yalimshuka Mama hata kwenye tabasamu.

“Mtazame,” akasema. “Mwanangu kazeeka.”

 

Mume wangu alisafiri mbali kuisafishisha ile picha, akarudi na kijana mwenye nywele nyeusi, anacheka. Tukaitundika ukutani, wageni wakaisifu. Lakini ule mkanda Mama aliuweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na kila asubuhi aliuinua dirishani. Nikamuuliza kwa nini asitazame picha nzuri ile ya ukutani. Akanijibu, “Yule nilimlea mwenyewe, namjua. Huyu mzee ndiye niliyenyimwa.”

Na mimi hakuniacha nipumzike. Gunia nililibeba tena kupanda nalo Mbinga, kwa amri yake: “Hao wa milimani nao wana mama zao.” Nikaitundika mikanda barazani kwa yule mama wa uyoga, penye mwanga. Siku ya gulio watu walisimama wakiinua vichwa, na kila mara mmoja alipiga kelele: kamwona wake.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Duka la mtu likifungwa, chukua kilichoachwa, hakuna aliyekukataza. Lakini kabla hujakikata, hujakifunga kamba, hujakitia motoni, kiinue kwanza kwenye mwanga ujue kimebeba nani. Na ukimkuta mtu humo, mrudishe kwao, hata kama ndege watashiba siku hiyo. Mpunga nilipanda tena mwaka uliofuata.

Haya, nenda, kumekucha. Mungu akupe mvi za kweli kichwani mwako, na mama yako awepo azione.