Mbunge wa Mama Kageha

Kama kuna mtu aliyempeleka Elisante Mmari kwenye bunge la jimbo la Maryland, basi ni Bilha, na sisemi hivi kumsifu. Mwenyewe hataki hata kusikia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Vihiga, Kenya, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee karibu na Bladensburg, na mwaka ule wa 2006 alikuwa na jambo moja tu rohoni: kwenda nyumbani zamu yake ikiisha.

Kwa asiyeijua kazi ile, hilo ni jambo dogo. Lakini pale kazini, ukishamaliza saa nane za kuwageuza wazee, kuwaosha na kuwalisha, msimamizi aliweza kukukuta mlangoni umeshavaa koti akakwambia mwenzako hajafika, kwa hiyo unabaki saa nane nyingine. Ukikataa unaandikwa, na ukiandikwa mara tatu huna kazi. Domina, rafiki yake wa Kitanzania, alibakishwa namna hiyo siku mbili mfululizo, akasinzia kwenye usukani njiani kurudi Beltsville, akavunjika nyonga. Hakurudi tena kazini. Tangu hapo Bilha akawa anauliza kila mtu ni nani anayeweza kukataza mambo haya, hadi akaambiwa ni wabunge wa jimbo, kule Annapolis.

Basi ndipo Elisante akatokea. Wakili, mzaliwa wa Moshi, aliyekuja kusoma akabaki, sasa akigombea kimoja kati ya viti vitatu vya eneo lao. Alimfuata Bilha kwenye ngazi za kanisa, baada ya ibada ya Kiswahili, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Wakenya wenzake walizoea kumsalimia Bilha "sasa", kana kwamba walisoma naye. Huyu alimpa heshima yake mbele ya watu, na akamwita Mama Kageha, kwa jina la bintiye, bila kuambiwa mara mbili. Bilha akalegea pale pale. Alipomweleza habari za Domina, Elisante alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, hilo niachie mimi," akasema.

Kiangazi kizima nyumba ya Bilha, ghorofa ya pili kule Adelphi, iligeuka kuwa ofisi. Alipika chapati hadi unga ukawa hauonekani kwenye duka la jirani. Akina mama ambao hawajapata uraia, ambao hawakuwa na kura hata moja, walizunguka mlango hadi mlango kumwombea kura kijana wa nyumbani. Na Bilha ndiye aliyewafundisha wapiga kura ile hila: karatasi inakuruhusu kuchagua watu watatu, lakini wewe chagua mmoja tu, usiwasaidie wapinzani wake. "Piga moja, toka!" alikuwa akiwaambia, na watu wakacheka, na wakashika.

Mwezi wa nane Elisante alikuja kula kwa Bilha. Euphrasia, dada wa Bukoba aliyefanya kazi ofisini mjini na kujua mambo yanavyokwenda, akatoa karatasi kwenye mkoba. Iliuliza swali moja: utaunga mkono sheria ya kuzuia wafanyakazi wasilazimishwe zamu ya pili? Ndiyo au hapana, na chini mahali pa sahihi.

"Hapa kila kikundi kinafanya hivi," Euphrasia akasema. "Mgombea anasaini kabla ya kupewa kura. Si kumtilia shaka, ni utaratibu tu."

Elisante alitoa kalamu mfukoni. Lakini Bilha alishaona aibu hadi masikioni. Mgeni hajamaliza hata kunawa mikono!

"Wewe Euphrasia, hata haya huna? Huyu ni mtoto wa nyumbani. Anakula kwangu nimwandikishe kama mpangaji? Toa hiyo fomu yako kwa meza, niweke chakula."

Watu wakacheka. Euphrasia akaikunja karatasi, akairudisha mkobani. Elisante akarudisha kalamu na kuomba pilipili.

Alishinda, na kura za kumtosha zilitoka hasa kwenye majengo ya barabara ya University, waliyoyazunguka akina mama. Bilha alilia kwa furaha. Mwaka uliofuata mswada ukaletwa kweli, na bahati ilioje, Elisante alikuwa kwenye kamati ya afya iliyopaswa kuupitisha. Bilha na wenzake wanane walikwenda Annapolis moja kwa moja kutoka kazini, bado wamevaa sare. Alipewa dakika tatu kusema. Alisimulia yaliyompata Domina, akamaliza yote. Elisante alitoka kwenye kiti chake akapiga nao picha. Kwenye gari Bilha aliwaambia wenzake wasiwe na wasiwasi. "Tuko na mtu wetu ndani," akasema.

Wiki moja baadaye Euphrasia alimletea karatasi ya kura za kamati. Mswada ulikufa, kumi na moja kwa kumi na mbili. Bilha alishuka na kidole kwenye majina hadi kwa Mmari. Hapana. Akadhani wamekosea mstari, akapanda tena hadi juu akaanza upya.

Hakumpigia simu. Alimngoja Jumapili, akamkuta pembeni ya maegesho ya kanisa.

"Shikamoo, mama."

Bilha hakuitikia. "Uli-vote no?"

"Mambo ya kule ni magumu, Mama Kageha. Chama cha wenye nyumba za wazee kiliniletea fomu mwezi wa sita. Nilisaini kwamba nitapinga. Ningefanyaje?"

"Mwezi wa sita? Na mwezi wa nane ulikuwa kwangu, unakula."

"Kalamu nilikuwa nayo mkononi, mama. Ni wewe uliyemwambia dada airudishe fomu."

"Ningenyamaza, ungesaini?"

"Tungeongea," Elisante akasema, kisha akampungia mtu aliyekuwa nyuma ya Bilha na kwenda kumsalimia.

Kumbe kiangazi chote Bilha alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Hasira alikuwa nayo, lakini iliyomkaba zaidi ni aibu. Wale wanawake wanane hawakumwamini Elisante, walimwamini yeye. Kazini hawakumtukana. Walianza tu kuzungumza kwa sauti ya chini akiingia kwenye chumba cha chai, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Domina, aliposimuliwa, alisema, "Haya," akaomba asaidiwe kugeuka kitandani.

Elisante aling'aa. Kufikia mwaka 2009 alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ile ile, na kanisani vigelegele vilipigwa kila alipotambulishwa. Siku moja ya Oktoba, Method, katibu wa ushirika, alimpigia Bilha simu akiwa kazini. Jumamosi ile Elisante alikuwa anazindua kampeni ya kurudi bungeni.

"Amekutaja wewe kwa jina, Mama Kageha. Anasema bila chapati zako haanzi. Tuseme mia mbili? Usituangushe, ni mtoto wetu."

Bilha alisimama kwenye korido, mashuka machafu yamejaa mikononi. Msimamizi alikuwa ametoka tu kubandika orodha ya zamu za Jumamosi ukutani, na Bilha alikuwa ameshaliona jina lake.

"Jumamosi niko kazini," akasema.

"Si una zamu ya asubuhi? Wageni watafika saa kumi na moja jioni. Uko zamu gani?"

"Zote mbili," akasema Bilha, akakata simu.